UKIPEWA KARATASI YA MPIRA, TAFUTA KWANZA MWISHO WAKE

Wiki hii naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na mitindo ya nywele, maana hapa kwetu Itungi limetokea jambo ambalo limeninyima usingizi kama siku tatu hivi. Ni jambo la mpira, lakini halihusu magoli. Linahusu karatasi.

Kuna dogo mmoja jirani yetu, ana miaka 19. Jina lake nalihifadhi kwa sababu utakazoziona mbele. Anacheza winga ya kushoto, na akikupita, bwana, unabaki unakula mchanga wa ziwani. Asubuhi mpaka alasiri anajifunza kazi kwa fundi wa kuchomelea vyuma, jioni yuko uwanjani. Mama yake anauza usipa, na mwaka huu biashara imemwendea kombo, kwa hiyo nyumba nzima inaitazama miguu ya dogo.

Jumamosi moja akaja nyumbani anahema, mkononi bahasha ya kaki. Klabu moja (siitaji, kesi sizitaki) ilimwona kwenye bonanza ikamtumia mkataba.

"Kaka, we ndo msomi wetu, hebu nisomee kabla sijasaini," akaniambia.

Msomi mwenyewe ndo mimi wa Form Four! Lakini huku kwetu ukishaandika gazetini unahesabiwa kama profesa. Nikaichukua. Kurasa nne. Nikaanza kusoma kwa sauti, dogo kachuchumaa, babu yangu kakaa kwenye kigoda chake pembeni anasikiliza huku kafumba macho. Nikadhani kalala.

BABU NA DOLE GUMBA

Nilipomaliza, dogo alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Alishasikia neno "mshahara", mengine hakuwa na shida nayo. Babu akafumbua macho.

Nyie vijana wa siku hizi huenda hamjui Wenela. Lilikuwa shirika lililoandikisha watu wa nchi hizi kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Vijana wengi wa Kyela na Rungwe walikwenda, wengine wakaelekea migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Baada ya Uhuru, Serikali ikaifunga njia hiyo ya Wenela. Babu yangu alikwenda Joni miaka ya mwisho ya 1950 akiwa kijana mbichi, na mpaka leo akikohoa anailaumu Joni.

"Mimi sikujua kusoma," akasema. "Niliweka dole gumba. Lakini yule bwana wa Wenela alituambia ni miezi mingapi. Nilijua siku ya kurudi. Sasa huu wa mtoto unaisha lini?"

Nikacheka kidogo, nikamwambia, "Babu, si nimesoma? Miaka miwili."

"Umesoma miaka miwili, halafu ukasoma na maneno mengine. Rudia."

Nikarudia. Kipengele cha saba. Miaka miwili, na baada ya hapo klabu "itakuwa na hiari ya kuongeza mkataba huu kwa masharti yale yale". Nikatafuta kwa muda gani. Hakuna. Mara ngapi? Hakuna. Nikageuza ukurasa, nikageuza tena. Babu wa watu, asiyejua hata A, kaona shimo ambalo mie msomi nililiruka.

JEZI YA MTUMBA

Sasa cheki jinsi mambo yanavyokutana. Siku hiyo dogo alikuwa kavaa shati la mtumba alilonunua mnadani Kyela mjini. Kifuani limeandikwa Braves, mgongoni namba 44. Yeye anaamini ni timu ya soka ya huko ughaibuni. Mie kwa sababu ya kuwatafutia nyinyi stori za ukurasa huu huwa nasoma sana habari za wanamichezo wa zamani, na shati lile nalijua.

Hiyo si soka, msomaji. Ni besiboli, mchezo unaopendwa kupita kiasi Marekani. Ni kama ndugu wa kriketi: mmoja anarusha kampira kadogo kagumu, mwingine kashika rungu anakasubiri. Akikapiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akikapiga kikatoka kabisa nje ya uwanja, hapo anazunguka taratibu anapunga mkono, watu wanapiga kelele mpaka wanazimia.

Namba 44 wa Braves alikuwa mtu mweusi anaitwa Hank Aaron. Alizaliwa mwaka 1934 kule Mobile, jimbo la Alabama. Mwaka 1952, akiwa na miaka 18, alikuwa akichezea Indianapolis Clowns, timu ya weusi watupu, kwa dola 200 kwa mwezi. Mwaka huohuo klabu yake ikauza mkataba wake kwa Braves, wakati huo wakiwa mji wa Boston, kwa dola 10,000. Mwaka 1953 wakampeleka timu yao ya chini kule Jacksonville, Florida. Huko wenzake weupe walilala hotelini, yeye akatafutiwa pa kulala upande wa weusi. Mwaka 1954 akaingia timu kubwa, ambayo ilikuwa imehamia Milwaukee. Mwaka 1966 timu ikahamia Atlanta, na yeye akahama nayo.

Tarehe 8 Aprili 1974 akapiga ile mipira ya kutoka nje ya uwanja kwa mara ya 715, akaivunja rekodi ya Babe Ruth iliyodumu miaka mingi. Kabla ya hapo alikuwa akipokea barua za kumtishia maisha, eti mtu mweusi avunje rekodi ya mzungu! Alistaafu mwaka 1976 akiwa na 755. Akafariki Januari 2021.

Dogo akalitazama shati lake upya. "Kumbe nimevaa mtu mzito!"

Mzito, ndio. Lakini nikamwambia, huyu mzito naye, pamoja na wenzake wote wa enzi zile, alisaini karatasi yenye kipengele kama hicho chako.

MCHEZAJI WA KLABU MPAKA KUFA

Sikiliza hii. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 mpaka mwaka 1975, mchezaji wa besiboli wa kulipwa Marekani akishasaini na klabu, basi kasaini. Mkataba ulisema kwamba ukiisha na hamjaelewana mshahara, klabu inaweza kuuongeza mwaka mmoja kwa masharti yale yale. Wenye klabu wakasema: na huo mwaka wa kuongeza nao una kipengele hicho hicho, kwa hiyo ukiisha tunaongeza tena. Na tena. Na tena. Ikawa duara kama mbwa anayefukuza mkia wake.

Matokeo yake? Klabu ingeweza kukuuza kesho asubuhi kwenye mji usioujua hata jina. Ingeweza kukuacha ukiumia. Wewe huwezi kwenda popote. Uchague mawili: ucheze kwao kwa wanachotaka wao, au uache mchezo ukalime.

Na usidhani walikuwa wanalipwa fedha ndefu kama za siku hizi. Mwaka 1967 kima cha chini cha ligi kuu ya besiboli kilikuwa dola 6,000 kwa mwaka mzima. Kilipanda kufika 10,000 mwaka 1968, baada ya chama cha wachezaji kumwajiri Marvin Miller, mtu aliyetokea kwenye chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Ndo kwa mara ya kwanza wenye klabu wakakaa meza moja na wachezaji wakaandikiana mkataba wa pamoja.

Ndo maana wachezaji wengi wa miaka ya 1940 na 1950 walikuwa na kazi mbili. Msimu wa besiboli ulianza Aprili ukaisha vuli. Miezi ya baridi nyota uliyemshangilia uwanjani ungemkuta dukani anakupimia suti. Yogi Berra wa New York Yankees, mmoja wa wakali wa karne ile, alifanya kazi duka la nguo wakati wa baridi. Roy Campanella wa Brooklyn Dodgers alikuwa na duka la pombe mtaa wa Harlem. Januari 1958, akitoka dukani kwake usiku kurudi nyumbani, gari lake likateleza kwenye barafu likapinduka. Alipooza. Hakucheza tena maisha yake yote. Siku moja tu, basi.

MLANGO WA PILI WA JACKIE

Lakini kuna mmoja ambaye stori yake nimempigia dogo mara mbili. Anaitwa Jackie Robinson.

Huyu ndo aliyefungua njia. Kwa zaidi ya miaka 50 ligi kubwa za besiboli zilikuwa zimewafungia weusi mlango. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson akaingia uwanjani na jezi ya Brooklyn Dodgers, akatukanwa, akarushiwa maneno, akanyamaza akacheza. Miaka kumi akaichezea klabu ile, akawasaidia kuchukua ubingwa wa mwaka 1955.

Shukrani yake? Desemba 1956, miguu ilipoanza kuchoka, klabu ikamuuza kwa New York Giants, mahasimu wao wakubwa. Ni kama leo umkute mzee wa Yanga kaamka asubuhi anaambiwa yeye ni wa Simba, na hajaulizwa.

Robinson hakwenda. Mwenzenu alikuwa ameshaelewana kimyakimya na kampuni ya kahawa ya Chock full o'Nuts, awe makamu wa rais wa kampuni. Akatundika viatu akaenda ofisini. Klabu ilikuwa na karatasi, lakini yeye alikuwa na mlango wa pili.

Hapo ndipo nilipomgeukia dogo nikamwambia: unaona ile miwani yako ya kuchomelea vyuma? Usiitupe.

NA HUKU KWETU?

Usije ukasema hayo ni ya Wamarekani. Huku kwetu enzi zile mambo yalikuwa magumu zaidi, maana hata hiyo karatasi haikuwepo.

Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda kumenyana, baadaye Tanganyika na Zanzibar zikaingia. Gossage lilikuwa jina la kampuni ya sabuni! Watu walikuwa wanajaza viwanja kugombea kombe la sabuni. Yanga ilizaliwa 1935, Sunderland ikafuata 1936, hiyo ndo Simba tangu 1971. Mwaka 1956 timu ya Uganda ikazuru Uingereza, na wachezaji wake wengi wakacheza pekupeku. Wazungu walishangaa miguu ile.

Lakini mchezaji alikula nini? Alikula kazi. Bandari, reli, posta, polisi, mashamba ya mkonge, migodi: kila mwajiri alitaka timu. Ukijua mpira unapewa kazi, ukiwa na bahati unapewa na chumba. Ukiihama timu, kazi na chumba vinabaki nyuma. Kwa hiyo kamba ilikuwepo, ila ilifungwa kwenye kitasa cha nyumba. Halafu Tanzania baada ya Uhuru tukaendelea na michezo ya ridhaa: unacheza kwa mapenzi na heshima ya nchi, mkono kifuani, mfuko mtupu.

Waulize wazee kuhusu Joe Kadenge wa Kenya. Miaka ya 1950 na 1960 hakukuwa na jina kubwa kama lake Afrika Mashariki. Watangazaji wa redio walilitaja mpaka "Kadenge na mpira" ikawa msemo wa mtaani, ukavuka mipaka, na wapo watu waliokuwa wanausema bila hata kujua Kadenge ni nani. Baada ya yote hayo mzee yule aliendesha teksi Nairobi. Fikiria unapanda teksi, unalalamikia nauli, kumbe dereva ndo yule baba yako alimshangilia mpaka sauti ikakauka! Alifariki Julai 2019, ndipo viongozi wakamiminika na maneno matamu.

Kuendesha teksi ni kazi halali, na mie namheshimu kila dereva. Ninachosema ni kwamba mpira wa Kadenge uliwajaza watu viwanjani, na yeye mwenyewe ikabidi ale jasho la usukani.

Na waliotutawala je? Huko Uingereza kwenyewe mpaka mwaka 1961 ilikuwa marufuku kumlipa mchezaji wa soka zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Na mkataba ukiisha klabu ilikuwa na haki ya kukuzuia. Ilibidi George Eastham aipeleke Newcastle United mahakamani, na mwaka 1963 jaji akasema utaratibu ule si wa haki.

KUTOKA KWENYE SHABA MPAKA ATLANTA

Sasa nirudi kwenye shati la dogo, maana lina siri nyingine ambayo ilimfanya hata babu asogeze kigoda.

Wale wenye Braves, mwaka 1967, walianzisha na klabu ya soka, wakaiita Atlanta Chiefs. Walitaka uwanja wao wa besiboli usikae bure. Kocha alikuwa Phil Woosnam, mtu wa Wales, naye akatafuta wachezaji mpaka huku kwetu kusini. Akawapata Wazambia Emment Kapengwe, Howard Mwikuta na Freddie Mwila. Akampata na kijana wa Soweto kutoka Orlando Pirates, jina lake Kaizer Motaung.

Umeelewa lakini? Vijana wa nchi jirani, ambako Wanyakyusa wetu walikuwa wanakwenda kuchimba shaba, wakaenda kucheza soka la kulipwa katika uwanja uleule aliokuwa akipigia rungu Hank Aaron! Tunduma na Zambia ni pua na mdomo, msomaji.

Na hawakwenda kushangaa maghorofa. Mwaka 1968 Chiefs walichukua ubingwa wa Marekani, na Motaung akachaguliwa mchezaji bora chipukizi wa ligi. Mwaka huohuo Manchester City, bingwa wa Uingereza, akaenda Atlanta kutalii. Akapigwa 3-2. Akaona aibu, akaomba marudiano. Akapigwa tena 2-1!

Lakini raha ile haikudumu. Baada ya msimu wa 1968 ligi nzima ikayumba. Kutoka timu 17 zikabaki 5 mwaka 1969. Kapengwe na Mwila wakajaribu Aston Villa ya Uingereza, wakapata mechi za kuhesabu vidole. Mwila baadaye akawa kocha. Motaung akarudi Soweto na Januari 1970 akaanzisha timu yake mwenyewe, akalichukua jina la Chiefs akaliunganisha na lake. Ndo hiyo Kaizer Chiefs ambayo mpaka leo jezi zake za njano na nyeusi zimeenea kusini yote.

Motaung hakusubiri mtu amwongezee mkataba. Alirudi na jina na akili, akafungua mlango wake.

Babu akatikisa kichwa. "Huyo alijua siku ya kurudi," akasema.

NENO MOJA LILILOGHARIMU MAISHA

Najua unajiuliza ile kamba ya besiboli ilikatikaje. Ilikatwa na watu wawili tofauti, mmoja alishindwa, mwingine akashinda.

Wa kwanza ni Curt Flood, mweusi, mkali wa St. Louis Cardinals kwa miaka 12. Oktoba 1969 akauzwa Philadelphia bila kuulizwa. Alikuwa analipwa dola 90,000 kwa mwaka, pesa ya kutisha kwa wakati ule. Angeweza kunyamaza ale. Badala yake, mkesha wa Krismasi akamwandikia barua mkuu wa besiboli akamwambia yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Akagoma, akaenda mahakamani. Juni 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwangusha kwa kura 5 dhidi ya 3. Wakati huo mpira wake ulikuwa umeshakwisha. Alijaribu kurudi mwaka 1971 na Washington Senators, akacheza mechi 13 tu, akaondoka kwenda kuishi kisiwa cha Majorca. Alifariki Januari 1997.

Wa pili walikuwa warusha mpira, Andy Messersmith na Dave McNally. Hawa walicheza mwaka 1975 chini ya ule mkataba ulioongezwa, bila kusaini mpya. Halafu wakauliza swali dogo sana, karibu lifanane na la babu yangu: mkataba unasema mwaka mmoja, si ndiyo? Basi mwaka mmoja umekwisha. Msuluhishi Peter Seitz akasoma karatasi. Desemba 1975 akaamua kwamba mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja. Kwisha kazi!

Watu walizaliwa, wakacheza, wakazeeka, wakafa chini ya karatasi ile, na dawa yake ilikuwa kuisoma kama ilivyoandikwa. Na unajua Messersmith alipopata uhuru alisaini wapi? Atlanta. Braves haohao wa shati la dogo.

Huko Ulaya nako soka ikapata uhuru wa namna hiyo Desemba 1995, kwa kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman: mkataba ukiisha, unaondoka bila klabu kulipwa. Na leo FIFA inasema mkataba wa mchezaji usizidi miaka mitano, na kama hujafika miaka 18 usizidi mitatu. Kwa hiyo siku hizi sheria zipo, wadogo zangu. Kinachokosekana ni macho ya kusoma.

SASA DOGO TUMFANYEJE?

Kipengele cha besiboli angalau kilikuwa na neno "mwaka mmoja" la kushika. Cha dogo hakikuwa na neno lolote. Kilikuwa wazi kama mlango usio na komeo.

Mama yake alipoambiwa tunataka kuuliza, akaja juu. "Mwanangu, hawa wakikasirika je? Wakimchukua mwingine?" Nilimwelewa. Ana deni, ana wadogo wa dogo wanataka madaftari. Ni rahisi mimi kupiga domo la Curt Flood wakati sufuria la mwenzangu liko tupu. Kusema kweli niliogopa. Nikajiuliza, nikimharibia huyu mtoto riziki, nitapita wapi Itungi hii?

Dogo mwenyewe ndo aliyeamua. Akasema, "Kaka piga. Wakikataa, Jumatatu nina geti la kuchomelea."

Nikapiga. Bwana wa klabu akanisikiliza, akauliza mimi ni wakala? Nikasema hapana, ni jirani. Akacheka. Akaniambia vijana wenye mguu wa kushoto wako wengi na wote wanasaini bila maneno, akakata simu. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili kimya. Mama dogo akinipita hanisalimii, ananitazama kama niliyempiga mwanaye kwanja. Dogo akachomelea geti lake, likawa zuri, akalipwa.

Wiki ya tatu bahasha ikarudi. Kurasa zilezile nne, ila kwenye kipengele cha saba wamekata kwa kalamu, wameandika pembeni: kuongeza ni mwaka mmoja, mara moja tu, na mshahara utapangwa upya kwa makubaliano. Muhuri juu yake. Kumbe neno lilikuwepo siku zote, lilikuwa linasubiri mtu aulize!

Sitaki nikudanganye msomaji. Si kila klabu itarudisha bahasha. Wengine wangemchukua mwingine kweli, na leo ningekuwa naandika makala ya kuomba radhi. Lakini kama ni kukosa, bora ukose ukiwa na miguu yako na fani yako mkononi, kuliko upate halafu ujikute huna siku ya kurudi.

Jumapili iliyopita tukakaa tena pale pale. Mkataba unataka shahidi, na dogo akasema shahidi wake ni babu. Babu hakukubali kirahisi. Kwanza akamwambia dogo asome mwenyewe, kwa sauti, kurasa zote nne. Dogo akasoma, mahali pengine anakwama, babu anamwambia rudia. Alipofika kipengele cha saba, babu akanyoosha kidole akauliza, "Unaisha lini?"

"Miaka miwili, babu. Wakitaka mwaka mmoja zaidi, mitatu. Basi."

"Ndaga fijo," babu akasema, akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Mama dogo alikuwa kasimama mlangoni na sahani ya mbasa wa kukaanga na wali wa Kyela. Mie nikapewa kipande cha kichwa, kwa hiyo nadhani nimesamehewa.

Tukutane toleo lijalo, panapo majaaliwa. Na wewe uliye na karatasi chini ya godoro unayoogopa kuisoma, itoe leo.